Santuri Zisizo na Majina

Mji Mpya, Morogoro
Jumapili

Kaka yangu Maganga,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, na nakuomba usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho. Goti lililokuwa likikusumbua wakati wa mazishi ya mama linaendeleaje? Shemeji Tatu hajambo? Mvua huko Tabora zimewapa chochote mwaka huu? Mimi naweza kusema ni mzima kwa maana kwamba natembea na ninakula. Zaidi ya hapo sina uzima wa kukutangazia.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Nimekupigia simu mara nyingi mwezi huu, ikaita mpaka ikachoka. Sikulaumu, ningekuwa wewe na mimi nisingepokea. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Simu mtu unaiacha inaita, lakini karatasi ikishafika mkononi inakuwa vigumu kuiweka chini bila kuisoma. Anayekuletea ni mwalimu Kalunde, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Mnyamwezi mwenzetu, anakuja kwao likizo. Ni mtu mwema na ana maneno machache. Mkaribishe maji.

Kaka, shemeji yako Perpetua amepoteza maneno.

Ilikuwa mwezi wa tano, masika yanaishia. Alikuwa uani amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, mimi niko mlangoni nasikiliza taarifa ya habari. Nikasikia kisu kimeanguka. Nikamtania, nikasema mama, leo hata mchicha umekushinda? Hakujibu. Na wewe unamjua Perpetua, mtu aliyekuwa hawezi kuacha utani upite bila kuujibu. Tangu siku za mwanzo, aliposhuka kutoka Nyandira kuja kuuza njegere sokoni, alikuwa akituambia sisi Wanyamwezi babu zetu walipita hapa na mizigo kichwani na sisi tumebaki kwa kuwa tulichoka njiani. Siku hiyo alinitazama tu. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

Hospitalini walisema kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala. Mguu umeanza kuamka kidogo, tunamshika anasimama. Mdomo umekataa. Anasikia, anaelewa, macho yake yanaelewa kila kitu, lakini ukimuuliza neno anahangaika, uso unajikunja, halafu anaachia pumzi. Jambo la kunimaliza ni kwamba anaitikia kila kitu kwa kichwa. Ukimuuliza unataka uji, anaitikia. Ukimuuliza hutaki uji, anaitikia vilevile. Miezi mitano sasa sijui mke wangu anataka nini.

Kama ingekuwa hivyo tu ningevumilia. Lakini wewe unawajua Waluguru. Kwao mtoto ni wa mama, ukoo ni wa mama, shamba ni la mama, na mume hata akae miaka arobaini anabaki mgeni aliyekaribishwa vizuri. Wiki iliyopita aliteremka Kleofasi, kaka yake Perpetua, mjomba wa wanangu, ambaye siku hizi ndiye msemaji wa ukoo wao. Alikuja na wazee wawili na kapu la viazi. Wakala, wakashukuru, ndipo akafungua mdomo.

“Shemeji, hatukuja kugombana. Umemtunza dada yetu, tumeona, hata shuka lake ni safi. Lakini mtu akiwa katika hali hii anarudi kwao. Kaburi la mama yetu liko kule juu. Na tukingoja vuli ianze, gari halipandi, nasi hatuwezi kumbeba mtu kwa machela kwenye utelezi.”

Nikamwambia Perpetua hajafa.

“Sikusema amekufa. Nimesema ni wa kwetu.”

Nikamuuliza, na yeye mwenyewe akitaka kubaki? Kleofasi ni mtu wa haki, hilo silikatai. Alifikiri, akawatazama wale wazee, akasema, “Akitamka kwa mdomo wake kwamba anabaki, nani atamvuta? Atabaki. Siyo kwa kichwa, shemeji, kichwa chake kinaitikia kila kitu. Kwa mdomo. Tutakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.”

Kaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi iko karibu sana. Leo nimebakiwa na siku ishirini na moja.

Usidhani nataka kumfunga kamba. Kitanda chake nimekiweka dirishani, na kutoka pale anauona mlima. Asubuhi ukungu ukiachia anautazama mpaka chai inapoa. Huenda anataka kwenda. Akisema nakwenda, nitapanda naye kwenye hilo gari mpaka watakaponishusha. Ila aseme yeye. Nisikae hapa peke yangu mpaka nife nikijiuliza kama mke wangu alichukuliwa huku moyoni anapiga kelele.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya nichukue kalamu. Kuna dada anakuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha mkono. Mwezi uliopita aliniambia, “Mzee, wako wagonjwa wanaopoteza maneno ya kuzungumza lakini ya kuimba yanabaki. Mpigie nyimbo za ujana wake. Hukumbuki alizokuwa anazipenda?”

Ananiuliza mimi! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mbele ya binti wa watu.

Binti yangu Sesilia alikuwa wa kwanza kujaribu. Alitafuta kwenye simu nyimbo za zamani, akaziweka karibu na sikio la mama yake. Perpetua aligeuza uso ukutani. Ndipo nikavuta lile sanduku la bati la kijani kutoka chini ya kitanda. Ndiyo kaka, santuri zetu bado ninazo. Zote. Niliposhindwa kila kitu kingine, zile sikuzishindwa, nilihama nazo nyumba tatu. Nilipofungua kifuniko ilinijia harufu ya baa yetu ya pale karibu na stesheni, ile ya moshi na bia iliyomwagika, nikakaa chini sakafuni.

Mchwa wamekula majalada karibu yote. Joto limezikunja baadhi kama kanga iliyokauka vibaya kwenye kamba. Nikazitoa moja moja, nikazifuta, nikazipanga sakafuni kuanzia kitandani mpaka mlangoni, mia moja arobaini na sita. Halafu nikavaa miwani nisome ni zipi. Nikakumbuka.

Hazina majina. Tulizibandua lebo kwa mikono yetu wenyewe.

Ulikumbuka lini mara ya mwisho ule ujanja wetu? Wale wa baa ya ng’ambo ya barabara walikuwa wanatuma watu waje wanywe kwetu bia moja, wachungulie lebo, kesho yake wawe Dar kununua santuri ileile. Ukasema basi, tuone watasoma nini. Tukakaa uani na beseni la maji ya moto na wembe, tukazibandua zote. Wewe ukapasha moto msumari kwenye makaa, ukawa unaweka alama katikati, karibu na tundu: nukta, nukta mbili na mstari, msalaba, jicho. Na kila alama ukaiandika kwenye daftari lako pamoja na jina la wimbo. Mimi nilikuwa nafuta sahani na kushusha sindano. Tulikuwa na gramafoni moja, wao walikuwa na mbili, kwao wimbo ukiisha mwingine umeshaanza. Kwetu ilikuwa lazima niinue sindano, nitoe sahani, nifute nyingine, niiweke, na muda wote huo wewe uko kwenye kipaza sauti unawazuia watu wasivuke barabara. Unataja alama, “Yohana, jicho na nukta!” nami nakupa. Hakuna aliyetuweza mji huu.

Sasa naona alama na sijui zinasema nini. Jicho na nukta ni wimbo gani, kaka? Zamani nilijidai nazijua zote kwa kuzishika tu. Sizijui.

Gramafoni nilimpelekea fundi redio wa Sabasaba. Alipoifungua aliguna kama daktari aliyeona kidonda cha siku nyingi. Mota aliifufua, mkanda alibuni wa mpira, lakini sindano alinionyesha kwenye mwanga.

“Mzee, hii imekwisha. Kila santuri utakayopiga unailima kama shamba. Nyingine utaipata Kariakoo labda, na hata huko utazunguka.”

Sesilia amezunguka Kariakoo siku nzima, akarudi na sindano za aina nyingine zisizoingia. Kwa hiyo ninayo moja hii, kuukuu, na santuri mia moja arobaini na sita. Haiwezi kuzimaliza. Inabidi nichague, na wa kuchagua hasomi.

Siku ya kwanza nilipiga moja yoyote. Ilikwaruza, ikaruka, lakini tarumbeta zikatoka. Kaka, Perpetua alifungua macho! Mkono wa kushoto ukaanza kupiga godoro taratibu. Wimbo ukaisha, nikainua sindano. Na hapo, wakati nafuta sahani nyingine, nikasikia sauti. Alikuwa anaguna kwa puani, mdomo umefunga. Inapanda, inapanda tena, inashuka, halafu inakatika. Nikageuka. Akarudia. Inapanda, inapanda, inashuka, inakatika. Machozi yanamtoka, na ule mkono mzima unapiga godoro kwa hasira kama anayesema endelea, endelea wewe.

Kila siku ni hivyo. Kuna wimbo anautaka, ameufikisha mahali pamoja ukamkwama, na mimi siujui. Nimepiga santuri thelathini na kitu, hamna. Nimezipanga upya kwa alama, nukta huku, misalaba kule, nikidhani pengine ulikuwa unaziweka kwa makundi, nyimbo za taratibu alama hizi, za kuruka alama zile. Melania, dada yake Perpetua anayekuja na kabichi kila Jumanne, alinikuta nimepiga magoti katikati ya sahani zile, akasimama mlangoni amejishika kiuno.

“Wewe Mnyamwezi, dada yetu anaumwa, wewe unatandaza vyombo?”

Nikamwambia natafuta dawa.

“Dawa ya Wanyamwezi ni ya kuzunguka sahani?” Akacheka. Halafu alipomsikia dada yake anaguna aliacha kucheka, akakaa kitandani akamshika mguu. Alisema wimbo huo haujui, kwao juu hawakuwahi kuuimba, wala si wa kanisani.

Juzi nilifanya jambo la aibu, nakuambia wewe tu. Sindano ilikuwa imeruka kwa mara ya tano, yeye akaguna, akakwama, akapiga godoro, nami nikamfokea. Nilimfokea mgonjwa. Nikasema, “Sema basi! Sema neno moja tu, unataka waje wakuchukue?” Akaitikia kwa kichwa. Nikasema, “Au hutaki?” Akaitikia kwa kichwa. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na nilitamani ningekuwa mimi niliyeangusha kisu cha mchicha. Nimechoka, kaka. Sina mahali pa kuuweka mwili huu nikapumzika.

Kwa hiyo nakuomba daftari. Kama hukulichoma, kama panya hawakulila, mpe mwalimu Kalunde aniletee. Najua nilivyosema siku ile ulipoamua kurudi Tabora. Baa imefungwa, watu wamehamia kwenye kanda, wewe ukasema tugawane santuri nusu kwa nusu. Nami kwa kiburi cha ujinga nikasema chukua daftari lako, mimi nabaki na santuri, nazijua zote kwa masikio yangu. Tangu siku hiyo wewe una majina yasiyo na nyimbo na mimi nina nyimbo zisizo na majina. Na kama hiyo haikutosha nikakuuliza haraka ya kugawana vitu ni ya nini, kwani una mtoto wa kumrithisha.

Nimeandika maneno hayo kwa mkono wangu ili ujue sijayasahau. Shemeji Tatu alikuwa amesimama pale pale na mtungi. Aliuweka chini polepole, akaingia ndani. Sijawahi kumwomba radhi. Nilipokusindikiza stesheni ulitoa kichwa dirishani mwa behewa ukaanza, “Yohana, nataka nikuambie jambo moja...” nami nikasema safari njema, nikageuka kabla treni haijaondoka. Kwenye mazishi ya mama tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye benchi la hospitali. Nisamehe. Ninaomba msamaha nikiwa na shida, najua, na msamaha wa namna hiyo una harufu yake. Lakini nisamehe hivyo hivyo.

Mwalimu Kalunde anaondoka Ijumaa. Naacha nafasi hapa chini, huenda nikawa na la kuongeza.

Alhamisi

Kaka, achana na daftari.

Ningeichana barua hii nikaanza upya, lakini mkono hauna nguvu hiyo, na pia nataka uone nilivyokuwa kipofu tangu Jumapili. Au niseme tangu ujana wangu.

Jana asubuhi sindano ilikufa. Ilitoa mlio mmoja mwembamba, nilipoinua mkono wa gramafoni nikaona imebaki shina tu. Nikazima. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, sina hasira wala machozi, nimekwisha. Mapajani nilikuwa na santuri niliyokuwa nimeiandaa, ile ya jicho na nukta, na mkono ukaanza kuifuta wenyewe kwa mazoea. Unakumbuka nilivyokuwa nafuta: mizunguko mitatu kwa kitambaa, halafu napuliza.

Perpetua akaanza kuguna.

Gramafoni imezimwa, kaka. Hakuna wimbo uliotangulia. Kuna mimi na kitambaa. Inapanda, inapanda tena, inashuka. Nikaendelea kufuta, naye akaendelea. Nikainama kuiweka sahani mahali pake na kushika sindano kwa mazoea yale yale, akakatika. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama mkono wangu ulioshika sindano iliyokufa. Nikaurudisha mkono. Nikachukua kitambaa, nikafuta. Akaanza tena. Nikausogeza mkono kwenye gramafoni, akanyamaza, na ule mkono wake wa kushoto ukapiga godoro.

Nilirudia mara nne. Mara ya tano nikasikia sauti yako.

Wimbo huo hauko kwenye santuri yoyote. Ni wako. Ni kile kiwimbo ulichokuwa unawaimbia watu kwenye kipaza sauti wakati mimi nabadilisha sahani, wasivuke barabara. Msiondoke, msiondoke, sahani inageuka. Ukianza na salamu ya kwetu, mwangaluka, ukiita watu kwa majina yao, fundi fulani, mama fulani, na yule binti wa Nyandira aliyekaa karibu na dirisha na kikapu kitupu cha njegere. Ulikuwa unamtaja kila mara, kwa kunichokoza mimi. Naye alikuwa anangoja kutajwa kwenye wimbo huo kuliko alivyongoja muziki wenyewe, aliniambia tulipooana, nikadhani ananitania.

Na mimi nimeusikia wimbo huo mara elfu na sijawahi kuusikiliza, kwa kuwa kwangu ulikuwa ni muda wa kufanya haraka. Kaka, hajakwama. Hajasahau. Unakatika pale kwa sababu ulikuwa unakatika pale. Mimi ndiye niliyekuwa naukata. Kila mara ulipofika hapo nilishusha sindano, ukageuka ukanitolea macho, ukasema “Yohana, si ungoje nimalize,” watu wakacheka, ngoma ikaanza. Hakuna mtu mji huu aliyewahi kusikia ulikuwa unaelekea wapi.

Nilijaribu kumwimbia. Sauti yangu unaijua, ni ya kufukuza kuku. Nikaimba msiondoke, msiondoke. Kaka, midomo yake ikakutana. Ikafunga, ikafunguka, ikatoka “msi”. Haikutoka puani, ilitoka mdomoni. Sesilia aliangusha sufuria jikoni akaja mbio. Nikaimba tena, akasema tena, “msi”, na mara ya tatu akafika “msio”. Tukafika kwenye sahani inageuka, nami nikaishiwa. Sijui kinachofuata. Nilijaribu kubuni, nikaunganisha maneno yangu, akageuza uso ukutani kama alivyoufanyia wimbo wa kwenye simu. Anajua kwamba si wenyewe.

Nimekaa tangu jana najiuliza alikuwa ananiambia nini miezi hii yote kwa kile kiwimbo, mimi nikimfokea aseme. Sijui kama ni maneno au ni sauti tu iliyobaki kichwani. Sijidanganyi sana. Dada wa mazoezi alikuja leo, akasikia ile “msi”, akaniambia tushike hapo hapo, tusiache, mwenye wimbo akiwepo ni bora zaidi. Kleofasi anakuja baada ya siku kumi na saba.

Njoo, kaka. Treni ya Tabora inasimama hapa hapa, stesheni ni ile ile, nitakuja kukupokea na fimbo kama goti linasumbua. Kama hutaki kulala kwenye nyumba yangu, nina rafiki Mazimbu ana chumba kizuri. Kama hutaki hata kuniona, niambie, siku hiyo nitashinda sokoni na Sesilia ndiye atakayekufungulia. Na kama safari imekushinda kabisa, pokea simu. Jumapili hii nikipiga, pokea, usiseme neno na mimi. Nitaiweka sikioni kwa Perpetua, nitatoka nje ya chumba.

Nisalimie shangazi yetu Mbuke, aliyetulea na kututandika kwa haki. Msalimie jirani yako mshona viatu, yule aliyekuwa akiniandikia zamani kwa niaba ya mama, mwambie mwandiko wangu bado mbaya. Shemeji Tatu usimpe salamu zangu kwa mdomo. Mpe ukurasa ule wa Jumapili ausome mwenyewe, pale nilipoandika kuhusu mtungi, na umwambie nitamwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, akija na wewe. Sesilia anakuamkia, baba mkubwa, shikamoo, anasema amesikia habari zako tangu utotoni lakini hajawahi kusikia sauti yako. Perpetua ameitikia kwa kichwa nilipomwambia nakuandikia wewe, na kwa mara moja hii nimeamua kuamini kwamba ni ndiyo.

Gramafoni nimeifunika kitambaa. Santuri nimezirudisha sandukuni, nusu yako iko upande wa kushoto, sikuchagua, nilihesabu tu. Ukija utanikuta nimekaa kando ya kitanda, mikono mitupu. Imba mpaka mwisho, kaka. Safari hii nitangoja umalize.

Mdogo wako,
Yohana